Matonge 16 ya Copenhagen

Barua ya kwanza niliyopata kuliandikia jiko niliituma wiki tano kabla ya mlo wenyewe. Nilikuwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kwa mafunzo ya wiki nane kuhusu mazao ya bahari, nikitokea Tanga, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Malmö, Sweden, upande wa pili wa daraja la Øresund, alikuwa anatimiza miaka 40. Tulikubaliana kwamba badala ya kupeana zawadi tungekwenda, walau mara moja katika umri wetu, kula kwenye mgahawa wa aina ile ambayo mgeni haagizi kitu: anakaa, na jiko linamletea vijisahani vidogo vidogo kimoja baada ya kingine hadi liridhike lenyewe kwamba limemaliza. Huo ndio mlo wa kuonja.

Copenhagen haikuchaguliwa kwa sababu tu ndipo nilipokuwa. Mji ule ulikuwa ukipika Kifaransa kila ulipotaka kujionyesha, mpaka mgahawa wa Noma ulipofunguliwa mwaka 2003, na mwaka uliofuata wapishi 12 wa nchi za Kaskazini mwa Ulaya wakatia saini azimio la kupika kwa vitu vya ardhi na bahari yao wenyewe, kila kimoja kwa msimu wake. Mwaka 2022 mgahawa mwingine wa hapo, Geranium, wenye nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa katika kitabu hicho cha kupima migahawa, uliondoa nyama kabisa katika mlo wake. Huko kote hatukwenda, maana nafasi hugombewa miezi kabla na bei zake zilitushinda. Lakini habari hiyo ya nyama ilinipa moyo: kama jiko la daraja lile linaweza kumshibisha mtu kwa samaki na mboga tu, basi hata dogo lake, lenye nyota moja, lingeweza kutupikia sisi Waislamu wawili bila kutuona wasumbufu.

Niliiandika ile barua mara tatu. Mara ya kwanza nilisema tu kwamba hatuli nguruwe wala hatunywi pombe, na wifi aliponisomea tena kwenye simu akacheka. "Wifi, hawa watakuletea samaki aliyeogeshwa mvinyo, wakuambie pombe yenyewe ilikwisha kwa moto. Waandikie kila kitu." Basi nikaandika kila kitu: nyama yoyote tusiletewe, samaki na viumbe vya baharini tunakula vyote, mvinyo usitiwe kwenye mchuzi hata kama utachemshwa, jelatini isiwe ya mnyama, na vanila isiwe ile iliyolowekwa kwenye pombe. Siki niliwaruhusu, baada ya mimi na wifi kubishana kwa siku mbili kwa yale tuliyofundishwa chuoni utotoni. Walijibu siku ya pili, kwa adabu, wakauliza swali moja ambalo sikulitarajia: je, siagi na maziwa tunatumia? Hapo nikajua nimepata watu makini. Ninayo hakika kwamba mtu akieleza mambo haya akiwa tayari mezani atapewa sahani zilizopunguzwa kitu, lakini akieleza mapema atapewa sahani zilizopikwa kwa ajili yake.

Malipo hufanywa siku ya kuweka nafasi, na usipotokea fedha hairudi. Mlo ulikuwa krone 1,800, fedha ya Denmark, kwa kila mtu. Kulikuwa pia na mfululizo wa vinywaji visivyo na kilevi, juisi na chai za jikoni kwao zinazolinganishwa na kila sahani, kwa krone 700, nasi tukaomba mfululizo mmoja tugawane glasi, wakakubali. Kodi na huduma vimo ndani ya bei, kwa hiyo hapakuwa na bakshishi ya kutukosesha usingizi. Hesabu yangu ilikuja krone 2,150, zaidi kidogo ya shilingi laki nane, ambazo nilizikusanya kutoka kwenye posho kwa kujipikia wali na dengu karibu kila jioni. Najua ni mifuko 45 ya saruji. Mume wangu nilimtajia bei baada ya kurudi nyumbani, na hata hapo nilimtajia kwa krone.

Jambo la pili lililohitaji mpango lilikuwa sala. Ilikuwa katikati ya Juni, na Juni jua la Copenhagen huzama karibu saa nne usiku. Meza yetu ilikuwa ya saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa hiyo alasiri tuliimaliza kabla ya kutoka, lakini magharibi ingetukuta katikati ya chakula. Katika migahawa ya namna hii mtu akiondoka mezani jiko humsubiri: sahani iliyokuwa tayari kutoka huzuiliwa, na pengine hutupwa ikapikwa nyingine. Kwa hiyo tulipofika tu nilimweleza mhudumu kwamba saa nne na robo tutahitaji dakika kumi na mahali patulivu pa kuswali. Akaandika. Tulipofika wakati huo samaki wa mwisho alikuwa ameondolewa, vitamu havijaanza, na chumba kidogo wanamotunza vitambaa vya meza kilikuwa kimefagiliwa. Kibla wifi alikuwa nacho kwenye simu.

Sasa niseme kuhusu uma na kisu, kwa sababu nilivihofia kuliko bei. Wiki nzima nilikuwa nimejizoeza bwenini kula hata ndizi kwa kisu. Tulipoketi, meza ilikuwa tupu kabisa. Hapakuwa na uma, kijiko wala kisu, ila vitaulo viwili vya moto vilivyokunjwa. Tukanawa. Kisha vikaja vitu vitano mfululizo, kila kimoja cha tonge moja au mawili, na kila mara tukaambiwa tutumie mikono: kamba mbichi aliyefungwa ndani ya jani, kaki nyembamba kama karatasi iliyopakwa mayai ya samaki, chaza mmoja juu ya mawe ya baridi. Wifi akaniinamia. "Yaani laki nane, na bado tunakula kwa mkono." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na tangu hapo woga uliniisha. Vifaa vilipoanza kuletwa vililetwa kimojakimoja pamoja na sahani yake, hivyo hata swali la kuanza na upi halikuwapo.

Kilichonishinda kidogo ni mkate. Uliletwa baada ya vile vitano, wa chachu, wenye ganda gumu na moyo wa moto, pamoja na siagi iliyopigwa hadi ikawa povu. Mtu aliyekula uji saa tano asubuhi tu, kama nilivyofanya kwa makusudi, hawezi kuutazama mkate huo kwa utulivu. Nilikula vipande vitatu, na nilipofika sahani ya kumi na moja nikavijutia vyote. Wifi alikula kimoja, akakisogeza kikapu upande wangu, akanitazama.

Ladha zao zinahitaji subira kwa mtu wa pwani. Jiko lile halikutumia ndimu, kwa kuwa ndimu haioti kwao, wala pilipili, wala nazi. Uchachu waliupata kwenye matunda madogo ya porini ya rangi ya chungwa, kwenye rubabu, mmea wenye mashina machachu, na siki za maua, na ukali kwenye mizizi na majani. Sahani tatu za mwanzo nilizila nikiwa natafuta ndimu. Kuanzia ya nne niliacha kutafuta, nikaanza kuonja kilichokuwapo. Sahani ya gayogayo, samaki bapa wa huko, ililetwa na mchuzi mweupe wa maji ya maziwa yaliyochujwa mahali ambapo wageni wengine walipata mvinyo, na ninaweza kusema bila upendeleo kwamba sikuwaonea wivu. Samaki mwenyewe alikuwa ameiva kwa kipimo ambacho sisi tungesema bado, lakini alitengana kwa kijiko.

Sahani ya tisa ilikuwa mwani. Aliyeileta alikuwa mpishi mwenyewe, kijana, kwa sababu huko wapishi hutoka jikoni na sahani mikononi. Akaanza kutueleza kwa upole kwamba huu ni mmea wa baharini, unaliwa, tusiogope. Wifi alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikamwacha amalize, kisha nikamwambia kwamba kazi yangu ni kutembelea wanawake wa vijiji vya Mkinga wanaolima mwani. Kwamba wao hupigilia vigingi mchangani, hutandaza kamba, hufunga mbegu kwa nyuzi za taitai, na hufanya kazi maji ya bamvua yanapotoka, kwa hiyo kalenda yao ni mwezi. Na kwamba karibu wote huukausha na kuuuza nje bila kuuonja. Alisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Aliuliza aina, nikamtajia. Akaniambia wake ni mwingine, wa majani mapana ya kahawia, unaokatwa kwa mkono kwenye maji ya baridi, halafu akarudi na kipande kibichi kwenye kisahani ili nikishike. Ulikuwa mnene na laini kama mkanda wa ngozi uliolowa. Ule uliopikwa ulikuwa umekaangwa ukawa mkavu, umewekwa juu ya viazi vidogo, na ulikuwa na chumvi yake yenyewe. Niliula wote.

Tulitoka saa tano na nusu, anga bado lina weupe upande wa kaskazini. Nilikuwa nimeshiba, jambo ambalo sikulitegemea, ingawa shibe yenyewe ilikuja taratibu na bila usingizi. Juisi, kwa maoni yangu, zilikuwa nyingi mno hata kwa watu wawili, na mbili kati yake zilikuwa siki zaidi kuliko juisi. Mlangoni tulipewa bahasha yenye orodha ya tulivyokula, iliyochapwa na kuandikwa kwamba ni ya wasiokula nyama na wasiotumia pombe, nikaihesabu kwenye treni nilipokuwa nikimsindikiza wifi kituo kimoja: vitu 16.

Bahasha hiyo nilikwenda nayo Mkinga mwezi wa nane. Mama mmoja wa kikundi cha mwani alitaka kujua sahani ile ya mwani peke yake ilikuwa shilingi ngapi. Nikagawanya bei kwa 16 pale pale mchangani, nikapata kama krone 112, karibu shilingi 42,000. Akauliza ulikuwa mwingi kiasi gani, nikamwonyesha nusu ya kiganja. Wenzake waliacha kufunga kamba. Alinitazama, akakitazama kiganja changu, akasema, "Na uliobaki, mwanangu, walikufungia?"