Nilivyojifunza kuchambua muvi badala ya kuisimulia

Uchambuzi wangu wa kwanza wa filamu ulikuwa kurasa sita na niliupeleka kwa mwalimu nikiwa na uhakika kabisa nimepatia, muvi yenyewe nilishaiangalia mara tatu. Ukarudi na mstari mmoja tu chini: umenisimulia muvi, na mimi nilishaiona. Iliniuma sana, nikakaa nayo wiki nzima bila kugusa karatasi, kisha nikaanza kuisoma kazi yangu upya nikaona kweli, kila aya ilianza na "halafu".

Muvi ilikuwa Parasite ya Bong Joon-ho, ile ya Korea Kusini ya 2019 iliyokuja kubeba Oscar ya filamu bora, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuipata. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba inahusu matabaka, kwamba kuna wenye nacho na wasio nacho. Sawa, lakini hilo hata aliyeangalia trela peke yake anakwambia. Nikajiuliza kosa limeanzia wapi nikaona limetoka mbali, toka tunasoma fasihi tulizoea fani na maudhui kama makabati mawili, hili unapanga dhamira na migogoro na ujumbe, lile unapanga wahusika, mandhari, mtindo, ukimaliza kupanga umefaulu. Hakuna aliyeniuliza kabati hili linaongea nini na lile.

Kilichonisaidia ni kitu kidogo tu. Nilizima sauti. Nikaweka muvi kwenye laptopu, nikafunika maandishi ya chini kwa kipande cha karatasi, nikaanza kuandika ninachokiona tu, bila jina la hisia, bila neno jamii, bila neno ujumbe. Anapanda. Anapanda tena. Kamera inashuka. Dirisha. Ngazi. Nusu saa ya kwanza niliona napoteza muda, lakini nilipofika ule usiku wa mvua nikasimamisha muvi maana daftari langu lilikuwa limejaa neno moja, wanashuka. Baba wa familia maskini na watoto wake wawili wanatoka kwenye nyumba ya tajiri kule kilimani wanashuka ngazi, barabara, handaki, ngazi tena, na maji yanashuka nao, mpaka wanafika kwao kwenye nyumba iliyo nusu chini ya ardhi na maji yote ya juu yameishia pale ndani. Kesho yake mama wa nyumba ile ya kilimani yuko kwenye simu anaisifia mvua kwamba imesafisha hewa. Sasa hapo kuna mtu amekuhubiria kuhusu matabaka? Hamna. Ni mvua ileile moja, na kamera imekuonyesha inakoelekea.

Nilifurahi kupita kiasi na hapo nikaingia kwenye kosa la pili, nalo naliona kwa watu wengi wanaoanza. Kila kitu kikawa ishara. Shati jekundu ni damu, kikombe kilichopasuka ni ndoa, ndege akipita ni uhuru. Unaweza kuandika kurasa kumi hivo na hakuna hata sentensi moja inayoweza kutetewa mbele ya mtu mwenye akili timamu. Ikabidi nijiwekee mtihani wa kuchuja, na huu ndo mpaka leo natumia: hiki kitu kimejirudia? Na kama kimejirudia, je, kuna mahali kimebadilika? Kikipita mara moja kikaondoka nakiacha kwanza. Kikijirudia bila kubadilika pengine ni mazingira tu ya hadithi. Lakini kikijirudia mpaka ukakizoea, halafu siku moja kikageuka, hapo mwongozaji anakuambia kitu na unaweza kuweka kidole palepale ukaonyesha.

Iliyonifunza hilo vizuri kuliko zote ni Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya 1975, ambayo najua watu wanaikimbia kwa sababu ina zaidi ya saa tatu na kwa muda mrefu ni mama mjane yuko nyumbani kwake anapika, anaosha vyombo, anatandika. Kamera haisogei. Imesimama mbele yake kimo cha chini kidogo, inamwangalia mpaka amalize, hakuna kukata katikati kwamba amemenya kiazi kimoja halafu hoo chakula mezani. Siku ya kwanza unajifunza ratiba yake bila kujua unajifunza, anavyozima taa kila akitoka chumbani, anavyofunika bakuli anamowekea hela. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi. Ni viazi tu jamani! Lakini mimi nilishtuka kwenye kiti kama vile mtu amepigwa risasi, amebeba sufuria anazunguka nalo hajui aliweke wapi, na ndo nikaelewa kwamba ule urefu wote uliokuwa unanichosha ulikuwa unanifundisha thamani ya kazi ambayo kwa kawaida haina shoti hata moja kwenye muvi. Kazi za nyumbani za mwanamke filamu nyingi zinazikata, huyu amekataa kuzikata. Hapo fani na maudhui huwezi kuzitenganisha hata kwa kisu. Na Akerman alipoitengeneza hata miaka 26 alikuwa hajafika.

Baada ya hapo nikarudi kwenye La Noire de... ya Ousmane Sembène, 1966, ambayo niliwahi kuiona zamani nikaiona ni hadithi ya huzuni basi. Binti wa Dakar anaitwa Diouana anapelekwa Ufaransa kufanya kazi kwa wazungu, aliahidiwa kulea watoto, anakuta ni jiko na fagio. Safari hii nikafuata kinyago tu. Mwanzo anawapa mabosi wake kama zawadi, kule Dakar kinatundikwa pamoja na vingine. Ufaransa kiko peke yake kwenye ukuta mweupe, kama yeye. Baadaye anakichukua arudishe kuwa chake na mama mwenye nyumba anakigombania. Na mwisho, baada ya kifo chake, yule bwana anakirudisha Dakar na mtoto mdogo anakivaa usoni anamfuata nyuma, kimya, mpaka mzee mzima anakimbilia gari lake. Kinyago kilekile kimekuwa zawadi, pambo, mgogoro, halafu kikageuka kuwa macho yanayomfuata. Kitu kingine ni sauti, mdomo wa Diouana karibu muda wote unatoa ndiyo bwana ndiyo mama, wakati sisi tunasikia mawazo yake marefu yamejaa hasira na maswali. Ukizima sauti kwenye hii unapoteza nusu nzima, kwa hiyo ile mbinu yangu nayo ina mipaka, naangalia mara moja bila sauti na mara moja nikisikiliza tu bila kuangalia.

Kuna muvi moja ilinisumbua kwa sababu ilikataa mtihani wangu. Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, 1948, yule baba wa Roma anahitaji baiskeli apate kazi ya kubandika mabango, mke wake anatoa mashuka kitandani wakayaweke rehani. Kuna shoti moja tu, haijirudii popote, karani anachukua furushi lao anapanda nalo kwenye rafu, anapanda, anapanda, na zote zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine mpaka juu. Nilihangaika nayo siku mbili nikaona kumbe marudio yapo, yapo ndani ya picha yenyewe. Ulidhani unaangalia shida ya familia moja, kamera imeinuka kidogo tu ukaona mji mzima unalala bila mashuka.

Kwenye kuandika nilibadilisha jambo moja, kila aya naianza na kitu kinachoonekana au kusikika, neno jamii nalichelewesha mpaka limelipiwa na vitu nilivyokwisha kuvionyesha. Uchambuzi wa Parasite niliufuta wote nikaujenga juu ya dirisha. Muvi inaanza na lile dirisha la chini lenye soksi zinaning'inia, kamera inashuka mpaka kwa kijana wa familia ile maskini, na inaisha na dirisha lilelile, kamera inashuka vilevile mpaka kwa kijana yuleyule, baada ya kutuonyesha ndoto yake ya kununua nyumba ya kilimani. Kurasa tatu safari hii. Mwalimu alisoma mbele yangu hakusema kitu muda mrefu, mwishoni akauliza, mwanzo nje kulikuwa mchana, mwisho nje kuna nini?

Nikarudi kuangalia. Ni usiku, na theluji inaanguka.