Nimekuona

Juzi waifu kalala mimi nikakesha na thrila moja ya shule ya bweni ya wavulana, ya mapadre, mambo ya Ulaya huko, mvua inanyesha toka dakika ya kwanza, ukungu, korido za mawe, na maiti inapatikana mapema kabisa ili usizime TV. Nikajikuta nacheka peke yangu. Mimi nimesoma seminari ndogo huku huku Dodoma, miaka 4, na mvua yetu inaanza Desemba ikifika Aprili imeaga, baada ya hapo ni upepo na vumbi tu, na kilichokuwa kinatutisha hakikuwa na damu hata tone.

Ilikuwa kengele ya silensia. Ikishagongwa baada ya sala ya usiku hakuna kuongea mpaka asubuhi baada ya misa, sasa weka watoto 40 kwenye bweni moja, wamelala macho wazi, kila mtu anasikia mwenzake anavyohema na huruhusiwi kuuliza we vipi. Mwezi wa saba upepo unapiga bati usiku kucha, lile lenye msumari uliolegea linalia ko, ko, ko, unaanza kuhesabu, na kati ya ko na ko unasikia ndala. Zinasimama. Kitanda cha nani?

Kidato cha pili nikakuta kikaratasi kwenye kitabu changu cha sala. Neno moja, herufi kubwa: NIMEKUONA. Basi. Nikaanza kujipekua mwenyewe, ni zile zabibu za shamba la misheni? Ni ile barua niliyompa dereva wa maziwa ampelekee binti wa watu? Yaani aliyeandika hakuhitaji kujua chochote, kazi yote nilimfanyia mimi. Siku tatu makande hayapiti, namwachia jirani yangu wa mezani, halafu nikaanza kumshuku huyo huyo jirani maana mbona anakula kwa furaha hivyo.

Ndipo nikafanya upumbavu. Nikachana karatasi, nikaandika neno lile lile, nikalichomeka kwenye Biblia ya jamaa wa kitanda cha tatu, nikijua kama ni yeye lazima atanitupia jicho. Hakunitupia. Jumamosi akaenda kwa miguu yake ofisini kwa Baba Gombera, yaani padre mkuu wa seminari, Jumatatu tranka lake liko nyuma ya pikapu, godoro limekunjwa na kufungwa kamba ya katani, na yeye kakaa juu yake anaangalia upande wa lami. Alichosema mle ndani hatukuambiwa. Kumuaga pia hatukuruhusiwa, ilikuwa saa ya prepo.

Ukubwani ndio nikaja kuisoma Sheria ya Kanisa, ile ya 1983. Kanoni ya 985 inasema gombera wa seminari asiwaungamishe wanafunzi anaoishi nao nyumba moja, labda mwanafunzi aombe mwenyewe kwa hiari yake. Nikakiweka kitabu chini nikakaa. Ina maana walioandika walijua kabisa kwamba anayesikia dhambi zako asiwe ndiye anayeshika faili lako, na 984 inakaza zaidi, muungamishi haruhusiwi kutumia alichosikia kumuumiza aliyeungama. Sisi alikuwa anakuja padre mgeni kutuungamisha, tukadhani wa kwetu wamechoka tu! Yule jamaa angesubiri padre mgeni, aseme maneno yale yale kwenye kiti cha kitubio, angepewa Salamu Maria 5 akarudi kulala. Aligonga mlango mwingine.

Sasa naiandika kama simulizi, niko sura ya 9. Mshkaji mmoja ninayempa asome kila ninachomaliza analalamika, muuaji yuko wapi bwana, basi weka hata mzimu, mtawa mweupe apite koridoni. Nikamwambia korido hatukuwa nayo, mlango wa bweni ulikuwa unafungukia uwanjani. Anataka kujua nani aliandika kikaratasi cha kwanza.

Mwaka jana nilikutana na yule jirani wa makande pale soko la Majengo, kanenepa, ana watoto wanne, tukacheka sana tukakumbushana wali wa Jumapili. Nikamchomekea kama utani, hivi ule ujinga wa NIMEKUONA ulikuwa wewe eh?

Akaacha kucheka. "Kumbe na wewe ulipata?"