Medali

Huyu wangu wa pili, yule mwenye maswali, alirudi Ijumaa na karatasi iliyokunjwa mara nne, kaificha kwenye soksi. Begi lipo mgongoni, karatasi ipo kwenye soksi. Nikajua kuna jambo. Kuifungua: faini shilingi 500, kosa kuongea Kiswahili darasani. Chini kuna nafasi ya sahihi ya mzazi na mistari mitatu ya maoni. Ndani ya begi lenyewe kulikuwa na karatasi nyingine, safi, haina hata kunyanzi: shairi la kukariri wakati wa likizo, la Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7. Tangu UNESCO iitangaze siku hiyo mwaka 2021, shule hazitaki kupitwa. Karatasi zote mbili zina mhuri mmoja.

Nilitaka kucheka, ila mama yake alikuwa ananitazama.

"Baba, na wewe ulishawahi kukamatwa?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamsimulia ya mihogo.

Ni mwaka 2006, nipo kidato cha kwanza, Muheza, kwenye shule yetu ile ya kata. Madarasa matatu, bati halina dari, kila mtu kaja na kiti na meza yake kutoka nyumbani, kwa hiyo ukitazama darasa utadhani ni ukumbi wa msiba. Mwaka uliotangulia tulikuwa watoto tunaosoma Maarifa ya Jamii kwa Kiswahili, Januari tukaambiwa hiyo lugha iachwe getini. Geti lenyewe halikuwepo, ila tulielewa.

Mwalimu wa Kiingereza tulimwita No Sooner. Alikuwa katoka kidato cha sita, kapitishwa kwenye mafunzo ya wiki chache, wale watu waliowaita voda fasta. Nikipiga hesabu leo, alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa kwa miaka kumi hivi, na namwonea huruma kidogo. Alikuwa na sentensi moja aliyoipenda kama mtu anavyopenda shati lake la sikukuu. "No sooner had the thief seen the police than he ran away." Tukijifunza barua, mwizi yupo. Tukijifunza kuelekeza njia, mwizi anakimbia. Mwalimu mwenyewe alikuwa anachelewa kila siku, na ndiyo maana jina lilimkaa.

Medali ilikuwa kipande cha mbao nyembamba, ukubwa wa daftari, kina kamba ya katani. Juu yake wakubwa wa kidato cha pili waliandika kwa rangi nyeupe iliyobaki kwenye kupaka mawe ya njiani: I HAVE SPOKE KISWAHILI. Ilining'inia kwenye shingo zetu muhula mzima bila mtu yeyote, mwalimu akiwemo, kuona kwamba kuna herufi imepungua.

Sheria zake ni hizi. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa. Unaivua siku utakapomsikia mwenzako naye kateleza, wewe kwa masikio yako na shahidi mmoja. Atakayekuwa nayo mstarini jioni anakula viboko viwili vya mkononi na kuchota ndoo mbili za maji mtoni kwa ajili ya nyumba ya mwalimu. Kwa hiyo mwenye medali aliificha chini ya sweta na kutembeatembea karibu na watu, mpole kama paka wa jikoni. Watu wakishajua unayo, hakuna anayekusemesha. Shule nzima inakuwa bubu kwako.

Mimi niliponzwa na mihogo. Mapumziko ya saa nne, nimesimama kwa mama muuza mihogo chini ya mwembe, na mama yule Kiingereza hajui hata cha kuombea chumvi. Aliponiuliza ya shilingi ngapi nikasema, "Ya hamsini, zidisha pilipili." Nyuma yangu nikasikia kamba inavuliwa. Jamaa alikuwa kapanga foleni hana hata senti mfukoni. Kapanga foleni kuja kunisikiliza mimi.

Mwanangu alicheka mpaka akalala chali. "Zidisha pilipili!" Akairudia mara nne, akaenda kumwambia mama yake. Nikaishia hapo.

Iliyobaki sikumsimulia. Nilimwachia hiyo ya pilipili akalale nayo.

Siku hiyohiyo, saa saba mchana, tulikuwa na Kiingereza vipindi viwili mfululizo, dakika 80, kisha mstarini. Nimezunguka na medali tangu saa nne na hakuna aliyefungua mdomo. Ilikuwa masika. Anayeijua Muheza anajua mvua yake: haianzi kwa manyunyu, inamwagwa. Ikapiga bati na No Sooner akawa anachezesha midomo tu kama samaki. Akakata tamaa, akageukia ubao, akaandika sentensi moja ya kumalizia, "No sooner had the rain stopped than" na nukta nyingi, akaenda kusimama mlangoni kutazama maji yanavyokata uwanja.

Kwetu sisi mvua ya hivyo ilikuwa ruhusa. Bati likishaanza kunguruma kila mtu anaongea Kiswahili, kwa sababu hakuna sikio la kukamata. Darasa zima lilifunguka. Mimi peke yangu nilikuwa nimekaa natazama midomo, najaribu kusoma nani anasema nini, na haikunisaidia kitu.

Kushoto kwangu alikaa msichana aliyekuwa anatokea juu milimani. Kwao walisema Kisambaa; Kiswahili chenyewe alikuwa kakikuta darasa la kwanza kama sisi tulivyokikuta Kiingereza. Alitembea saa moja na nusu kuja, na kurudi ni zaidi, kwa kuwa ni kupanda. Mapumziko alikuwa hatoki. Sisi tulisema anaringa. Leo nadhani alikuwa hana hamsini ya mihogo. Na kwa kuwa hakutoka, hakujua nani ana medali. Katika darasa lile ni yeye pekee ambaye hakujua.

Juu yake kulikuwa na tundu la msumari. Tone likaanza kudondokea daftari lake, la pili, la tatu, wino wa bluu ukaanza kutembea. Akajaribu kuziba kwa kiganja. Kiti chake kilikuwa kimebanwa na ukuta, hana pa kusogea.

Nikanyanyuka. Nikavuta meza yangu nyuma, nikavuta yake ikatoka kwenye tone, nikachukua daftari nikalifuta kwa mkono wa sweta, ukurasa kwa ukurasa, taratibu, ili wino usichafue zaidi. Nikalipuliza. Nikamrudishia.

Na mvua ikakatika. Masika ya kwetu hufanya hivyo, kama mtu kafunga bomba.

"ASANTE!"

Alikuwa ameipaza ili ipite juu ya mvua, na mvua haikuwepo tena. Neno likabaki peke yake katikati ya darasa. Vichwa vyote vikageuka. No Sooner akageuka mlangoni. Mtu mmoja kule nyuma akaanza kucheka kwa kuguna, na waliojua nilichonacho chini ya sweta hawakumtazama yeye, walinitazama mimi.

Ningefanyaje? Hili ndilo ninalojiambia: darasa zima limesikia, mwalimu kasikia, nisingemvisha mimi angeamriwa tu avishwe. Ni kweli kabisa. Ila mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kamba.

Alipoiona mbao inatoka kwenye sweta alielewa. Hakusema kitu. Aliinamisha kichwa, kwa kuwa kamba ilikuwa fupi na lazima ipite kichwani, akainama kama watu wanaovishwa taji. Kamba ya katani ikanasa kwenye pini ya ushungi wake. Nikaivuta, ikazidi kunasa. Ikabidi nitumie vidole. Nimesimama pale, kichwa cha mtu kiko mbele ya kifua changu, nachambua nyuzi za katani kwenye pini moja baada ya nyingine, naangalia nisimchome. Nilifanya kwa adabu zote. Alisubiri, hakutikisika. Kamba ilipoachia, nikaona midomo yake inacheza, neno lilelile linataka kutoka tena, kwa mazoea tu. Akaifunga midomo.

No Sooner akapiga makofi mawili kutuita tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. Akaonyesha ubao. "Yes, you!" Ni mimi, kwa sababu nilikuwa bado nimesimama.

"No sooner had the rain stopped than we continued with the lesson."

"Very good! Clap for him!" Wakanipigia matatu ya pamoja, pa, pa, pa. Nilifurahi, na sioni sababu ya kuwadanganya hapa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema sentensi nzima ya Kiingereza bila kukwama.

Mengine yalikwenda haraka. Mstarini akala viboko vyake. Ndoo ya pili alikuwa bado hajaifikisha nilipopita na wenzangu kwenda nyumbani; tulimkuta njia ya mtoni, tukapishana. Jumatatu alihamia mbele, kwa wasichana. Kwenye kipindi cha No Sooner hakusema tena Kiingereza wala Kiswahili. Akiitwa alisimama, akakaa. Muhula wa pili medali ikapotea, wengine wakasema iko chooni, wengine wakasema mke wa mlinzi kaipikia. Tukafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2009. Matokeo yalipobandikwa nilitafuta jina langu, nikatafuta ya rafiki zangu wawili, nikaondoka. La kwake sikulitafuta.

Kinachonisumbua si medali. Kila mtu aliivaa, ilikuwa mchezo wa shule, na wengine mpaka leo tukikutana tunaicheka. Kinachonisumbua ni lile daftari. Nimejaribu mara nyingi kupanga kipi kilitangulia. Kuna siku nakumbuka vizuri kabisa kwamba niliona wino unatembea, nikanyanyuka, basi, kama mtu yeyote angenyanyuka, na kamba nikaikumbuka baadaye. Kuna siku nakumbuka kwamba tangu tone la kwanza nilikuwa najua msichana huyu ana adabu, na mtu mwenye adabu ukimtendea jema lazima aseme neno.

Halafu kuna jambo dogo. Nakumbuka nililifuta daftari kwa mkono wa kushoto. Na mimi natumia wa kulia. Sasa wa kulia ulikuwa wapi? Huenda ulikuwa umezuia meza. Meza zetu zilikuwa na miguu mibovu. Huenda.

Jumapili usiku nikakaa na ile karatasi. Nimeweka sahihi. Nimechukua sarafu ya 500, ile yenye nyati, nikaibandika juu kwa selotepu isije ikapotelea kwenye soksi. Kwenye maoni ya mzazi nilitaka kuandika kitu cha maana, na kwa heshima ya shule niandike kwa Kiingereza. Nikaanza, "My son has", kalamu ikasimama. Miaka yote hii, na bado nasita kati ya spoke na spoken. Mistari mitatu imekwenda mitupu.

Asubuhi, namfunga kamba za viatu, nikamuuliza ni neno gani hasa lililomponza.

Akasema amelisahau. Anachokumbuka ni kwamba rafiki yake alikuwa kamwazima rula.