Jioni ya Bonnie Raitt na Shingo ya Chupa

Dada aliyeimba katika bendi yetu pale Kinondoni alikuwa ameachwa na kampuni iliyomrekodi, na jioni ile hakutaka hata kushika maiki. Mzee wetu wa gitaa la solo hakumbembeleza. Aliweka Nick of Time, albamu ya 1989 ya Bonnie Raitt, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, akasema, "Mwanangu, huyu mama naye walimtema."

Ni kweli. Kampuni ya Warner Bros. ilivunja naye mkataba 1983, albamu ikiwa tayari. Ikaja kutolewa mwaka 1986 kwa jina la Nine Lives, isifike mbali. Akarekodi na mwanamuziki Prince, nyimbo zikabaki kabatini. Mwaka 1987 akaacha pombe. Kampuni ya Capitol ikampokea, na prodyuza Don Was hakumrundikia vyombo: sauti na gitaa vilikaa mbele. Kwangu hilo ndilo lililomrudisha. Februari 1990 alipata tuzo nne za Grammy kwa usiku mmoja, tatu za albamu hiyo na moja ya wimbo aliouimba na mkongwe wa blues John Lee Hooker, ndipo albamu ikapanda hadi namba moja Marekani.

"Sasa sikilizeni mkono," Mzee akasema, akaanza kutyuni. Raitt hupiga kwa tyuni ya A ya wazi, yaani nyuzi zikipigwa bila kubanwa zinatoa kodi ya A: kutoka uzi mnene, E A E A C# E. Uzi wa nne, wa tatu na wa pili hupandishwa toni moja nzima, na mvuto wa kila mmoja huongezeka takriban robo. Wa tatu ukakatika palepale. Ulikuwa wa zamani.

Tulipoubadilisha akavaa shingo ya chupa, kipande cha kioo cha kuteleza juu ya nyuzi, kidole cha kati kama Raitt, ingawa wengi huivaa kidole cha pete au cha mwisho. Kidole cha shahada hubaki nyuma yake kikizima mlio wa takataka. Kioo kikae juu ya freti yenyewe, ule ukingo wa chuma kwenye shingo ya gitaa. Kikirudi nyuma kidogo tu, noti inakuwa chini. Na usikandamize, kitagonga freti.

Dada akainuka. "Mzee, hiyo A iko juu kwangu. Kapo haiwezi kushusha?"

"Kapo ni kibanio cha kubana nyuzi zote, hupandisha tu, mwanangu." Akalegeza nyuzi zote toni moja, ikawa G ya wazi, D G D G B D. Inamfaa mwimbaji wa sauti nzito, na nyuzi hazikatiki ovyo. Akaomba maiki.