Waya sita zisizo na alama

Kifaa kile cha rejea ya volti 10, kinachotoa volti thabiti za kulinganishia vipimo, kilinifikia kimeshatumika, hakina kitabu wala mchoro wa saketi. Kishawishi kikubwa kilikuwa kukichomeka nione kama kinawaka. Nilianza kwa bisibisi.

Betri yake ya volti 12 ilikuwa imevimba, asidi imetambaa hadi kwenye bodi na kuiachia shaba ukoko wa kijani. Niliitoa, nikasugua bodi kwa magadi yaliyoyeyushwa, nikaisuuza na kuikausha.

Kazi hasa ilikuwa kwenye oveni, kile kikopo kinachoitunza zena, diodi ambayo volti yake ndiyo msingi wa rejea, katika joto lisilobadilika. Kilitoa waya sita, zote nyeupe. Niliiweka multimita kwenye omu, yaani kupima ukinzani, nikapima jozi baada ya jozi. Ya kwanza ilisoma omu 60: hita. Ya pili ilisoma kilo-omu 10, na nilipokibana kikopo kwa vidole namba ikaanza kushuka, 9.8, 9.5, 9.1: termista, kihisi joto cha oveni. Ya tatu ilipitisha umeme upande mmoja tu: zena yenyewe.

Nilipoutikisa waya wa termista, usomaji ukapotea. Lehemu ilikuwa imepasuka. Termista ya aina hii ukinzani wake hupanda inapopoa, kwa hiyo ikikatika saketi hudhani kuna baridi kali na hita haizimi. Ningewasha kwa pupa ningeipika zena iliyotulia kwa miaka mingi, na utulivu huo haununuliki.

Nililehemu upya, nikakilisha volti 12 kwa kikomo cha miliampia 300. Mkondo ulianza karibu 220. Dakika 20 baadaye ukateremka hadi 70 na kukaa hapo. Oveni inajidhibiti! Nilikiacha siku mbili bila kukizima.

Kisha nikakwangua ncha za waya za shaba hadi zikang'aa, maana kutu ya shaba huzaa volti ndogo zitokanazo na tofauti za joto kwenye maungio. Multimita ya digiti saba na nusu ilisoma 10.000031, nilipogeuza waya, −10.000025. Volti halisi kwa kipimo kile, wastani wa namba hizo mbili bila alama, ni 10.000028, na mikrovolti 3 zilizobaki ni za maungio na sifuri ya multimita.

Potenshometa, kipinga cha kuzungusha cha kurekebishia volti, ilikuwa bado imezibwa kwa rangi nyekundu. Sikuigusa, kwa kuwa multimita yangu haikuwa na uhakika wa kuisahihisha. Nilibandika karatasi juu ya kasha: 10.000028, nyuzi 23, na tarehe.