Kidole changu, laini za nani?

Mwezi uliopita nilisajili laini pale Kabwe kwa kijana wa mwavuli. Nikaweka kidole. "Dada, haijasoma, rudia." Nikarudia. "Rudia tena, baridi la Mbeya hilo." Mara tatu! Na mimi kwa ushamba wangu nikapuliza kidole, nikakifuta kwenye khanga, nikakirudisha.

Jana shangazi yangu wa Tukuyu, mtu ambaye hata meseji husomewa na wajukuu, akaniambia: "Mwanangu, bonyeza *106#, weka namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, uone laini zako." Nikacheka. Nikabonyeza. Laini tatu. Mimi ninayo moja.

Leo nimeshinda dukani kwa mtandao wenyewe hadi wakazifunga hizo mbili (kidole kimesoma mara moja tu, baridi ni lilelile). Polisi nimeandika maelezo. Kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu alama za vidole kuwa taarifa nyeti.

Kinachoniuma: zile meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii" huwa naziripoti kwa namba 15040, huku nikimtukana mwenye laini. Kumbe huenda kuna mtu Makambako ananitukana mimi.

Nimepita Kabwe jioni. Mwavuli haupo. Limebaki tofali alilokuwa akiukandamizia.