Sindano iliyonituliza tumbo ikaninyonyoa nywele

Wa kwanza kuona alikuwa msusi wangu. Alikuwa ameshagawa nywele nusu ya kichwa, akasita na kitana mkononi. "Dada, huku nyuma ya sikio kuna nini?" Nikamwambia ni mba tu. Akanyamaza, akaendelea kusuka, ila vidole vyake vilikuwa vinapakwepa pale.

Haikuwa mba. Mba hupukutika kama unga. Hii ilikuwa magamba meupe, mazito, yamegandamana kichwani kama nta iliyomwagikia nguo. Nikibandua moja linatoka na kishungi cha nywele, mizizi imenasa kwenye gamba, na ngozi chini yake nyekundu, inachuruza vitone vya damu.

Daktari wa kwanza alidhani ni mapunye, akaniandikia vidonge vya fangasi. Aliniuliza, "Kuna dawa nyingine unayotumia?" Nikasema hapana. Wallahi sikukusudia kumdanganya. Nina ugonjwa wa Crohn, ule unaovimbisha utumbo na kuutia vidonda, na wakati huo nilikuwa na mwezi wa saba najichoma adalimumab, miligramu 40 kila baada ya wiki mbili. Lakini kwangu mimi ile ilikuwa "sindano ya tumbo", wala sikuihesabu kuwa dawa ya kutajwa mtu anapouliza habari za nywele. Jibu hilo la neno moja lilinilia wiki sita.

Wiki ya sita nyayo na viganja vikatoka vipele vyenye usaha. Kukanyaga sakafu asubuhi ikawa kazi. Mto wangu ukawa na nywele kila siku, na utosini pakabaki upara wa ukubwa wa kiganja. Tumbo, lenyewe, lilikuwa halijapata kutulia namna ile kwa miaka.

Daktari wa ngozi hakuniuliza kama ninatumia dawa. Aliuliza hivi: "Unaumwa nini kingine, na unachomwa nini?" Nilipotaja adalimumab akaweka kalamu chini. Alikata kipande cha ngozi kichwani, kidogo kama kifutio cha penseli, kikapelekwa maabara. Majibu: soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta magamba, iliyoletwa na dawa. Ule usaha wa nyayoni haukuwa na vijidudu.

Kilichonichekesha kwa uchungu ni kwamba adalimumab hiyohiyo hutibu soriasisi. Alinieleza hivi. Dawa hii huifunga TNF, protini ambayo kinga ya mwili huitumia kuwasha uvimbe. Lakini TNF ina kazi nyingine: humshika breki mwenzake, interferoni alfa, protini nyingine ya kinga. Kwa watu wachache, TNF ikifungwa, huyu mwenzake hubaki bila wa kumzuia, naye huichokoza ngozi mpaka soriasisi izuke kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo.

Nilitaka kuiacha sindano siku ileile. Akanikataza nisiruke hata dozi moja kabla daktari wa tumbo hajajua. Ukiacha ghafla Crohn inaweza kuamka, na ukiacha kisha ukarudia, mwili unaweza kuwa umeshatengeneza kingamwili za kuipinga dawa, isikufae tena. Hilo la pili ndilo lililonitisha.

Kwa hiyo tukaanza na ngozi. Mafuta yenye asidi ya salisiliki usiku, kofia ya plastiki juu yake, asubuhi naosha. Magamba yakishalainika napaka klobetasoli, dawa kali ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ya maji kichwani, na ya mafuta mazito nyayoni na viganjani. Somo gumu lilikuwa kuacha kubandua. Mkono unakwenda wenyewe, hasa ukiwa umekaa unasoma, na kila gamba ulilong'oa kwa kucha linaondoka na nywele ambazo zingebaki. Niliishia kulala na glavu za pamba. Pia nilikuwa najipiga picha ya utosi kila Jumapili, dirisha lilelile, kwa sababu kioo cha kila siku kinakudanganya: leo unaona umepona, kesho unaona umekwisha.

Baada ya wiki nane nyayo zilikuwa nafuu. Kichwa hapana. Nikazichukua zile picha nane nikampelekea daktari wa tumbo, ambaye mpaka hapo alikuwa anasita, na kwa haki, kwa sababu dawa iliyokuwa inafanya kazi haiachwi hivihivi. Alizipitia moja moja, akampigia simu mwenzake wa ngozi nikiwa palepale. Wakakubaliana nihamie ustekinumab, ambayo haiigusi TNF. Yenyewe huzuia interlukini 12 na 23, protini nyingine mbili za kinga, na hutibu Crohn na soriasisi pia. Dozi ya kwanza ilikuwa dripu, ikapimwa kwa uzito wangu, kisha sindano ya miligramu 90 kila wiki nane.

Magamba yalikwisha kwanza. Nywele zilichelewa. Daktari alikuwa amenihakikishia kwamba vinyweleo havikuwa na kovu, lakini mpaka mwezi wa nne sikumwamini. Ndipo nikahisi kidoleni kitu laini kama manyoya ya kifaranga.

Mwezi uliopita nilirudi kwa msusi. Akapitisha kidole nyuma ya sikio, akavuta kidogo, akaachia. "Bado hazishiki, Dada. Hapa nitaziacha." Akasuka kuzunguka pale.